Dunia Inapokaa Barazani

Pale Jaws Corner, katika Mji Mkongwe wa Zanzibar, kahawa huuzwa kwa vikombe vidogo visivyo na mkono, ikimiminwa kutoka kwenye dele linalokaa juu ya makaa. Mnywaji hukaa kwenye baraza, akamung'unya kashata, akasubiri zamu yake ya kusema. Gumzo huanza na mpira wa Uingereza, likahamia bei ya mchele, likavuka hadi Gaza na uchaguzi wa Marekani, na kikombe cha pili hakijaisha ila tayari watu wawili wameshikana kwa hoja kuhusu kura ya turufu ya Umoja wa Mataifa. Kuna simu kuukuu iliyotundikwa hapo, na maandishi ya Kiingereza yanayotangaza kwamba simu za nje hupigwa bure. Haina waya unaokwenda popote. Ni mzaha wa wenyeji, lakini una jicho ndani yake: watu hawa wanaijadili dunia kila jioni, na dunia haijawahi kuwapigia kuwauliza wanaonaje.

Anayedhani siasa za dunia ni mambo ya mbali na aanze na hicho kikombe. Bei ya arabika inayolimwa Kilimanjaro hufuata soko la New York, na ya robusta ya Kagera hufuata London. Hadi Julai 1989 kulikuwa na mkataba wa kimataifa wa kahawa ulioipa kila nchi mgawo wake wa kuuza ili bei isiporomoke. Mgawo uliposimamishwa, bei ilianguka kwa karibu nusu katika muda mfupi, na kwenye miaka iliyofuata wakulima wa Uchagani ambao hawakuwahi kuliona hata jalada la mkataba huo wakaanza kung'oa mibuni wapande nyanya, mahindi na migomba. Kwa hiyo wazee wanaobishana kuhusu dunia huku wakinywa kahawa hawajatoka nje ya mambo yao hata kidogo. Wanachokosa mara nyingi ni kamba ya kuunganisha kikombe na mkataba. Hapo ndipo ilipo hoja ninayotaka kuitetea. Mikusanyiko ya mtaani inayozungumzia siasa za dunia, utamaduni na haki, iwe baraza, mjadala wa bustanini, mchezo wa kuigiza wa kijijini au filamu inayoonyeshwa kwenye kitambaa kilichotandazwa uwanjani, huwafumbua watu macho inapoanzia kwenye kitu wanachokilipia wenyewe, na kwa lugha wanayogombania nayo nyumbani. Inapoanzia juu, kwenye "ajenda ya dunia", kisha ikateremshwa kwa wananchi, huzaa makabrasha.

Nairobi ilitoa ushahidi wa jambo hili ndani ya wiki moja ya Januari 2007. Jukwaa la Kijamii la Dunia, lililoanzishwa Porto Alegre, Brazil, mwaka 2001 kama jibu kwa mkutano wa matajiri wa Davos, lilikuja Afrika likiwa zima kwa mara ya kwanza. Kuanzia tarehe 20 hadi 25, maelfu kwa maelfu ya watu kutoka kila bara walijaa kwenye uwanja wa michezo wa Kasarani kuzungumzia madeni, maji, ardhi, UKIMWI na masharti ya biashara. Kaulimbiu ilisema kwamba dunia nyingine inawezekana. Langoni dunia ilikuwa ileile. Mkenya alidaiwa shilingi 500 za kiingilio, fedha iliyozidi ujira wa siku nzima wa kibarua wa Kibera au Korogocho, na ndani chakula kiliuzwa kwa bei ya hoteli. Wakazi wa mitaa ya mabanda wakaandamana, lango likasukumwa hadi likaachwa wazi, na hema moja la chakula cha ghali likavamiwa na watu waliokula bila kudaiwa risiti. Waandaaji hawakuwa na nia mbaya; wengi wao walikuwa watu wa harakati kwa miaka mingi. Walikuwa wameandaa mkutano kuhusu maskini kwa ratiba, lugha na bajeti ya watu wanaosafiri kwa ndege, na mkutano wa namna hiyo hauwezi kumwona aliyesimama nje ya uzio hata akijaribu.

Siku hizohizo, katikati ya jiji, watu wa Bunge la Mwananchi waliitisha jukwaa lao wenyewe katika bustani ya Jeevanjee, bila kiingilio. Tangu miaka ya 1990 wachuuzi, vibarua, wastaafu, wanafunzi na wasio na kazi wamekuwa wakikutana kwenye mabenchi ya bustani hiyo kujadili habari za siku. Mmoja huongoza zamu, wengine husikiliza kwa mkao wa watu wasio na haraka, na lugha ni Kiswahili cha Nairobi, chenye Sheng yake na ukali wake. Jukwaa la Jeevanjee lilizungumzia mambo yaleyale ya Kasarani, ila liliingia kwa mlango mwingine. Kasarani mada ilikuwa biashara ya kimataifa ya chakula. Jeevanjee mada huwa ni pakiti ya unga ya kilo mbili. Ukianza na pakiti hiyo utafika mbali kuliko unavyotarajia, kwa sababu mwaka 2008, bei ya mahindi, mchele na ngano ilipopaa duniani kote, sababu zilikuwa zimeandikwa humo: mafuta ghafi yaliyokaribia dola 147 kwa pipa mwezi Julai, mbolea iliyopanda pamoja nayo, na mahindi ya Marekani yaliyokuwa yakigeuzwa kuwa mafuta ya magari. Kenya iliongezewa na mashamba ya Bonde la Ufa yaliyoachwa baada ya ghasia za uchaguzi. Bei ilipopanda tena mwaka 2011, watu wa mabenchi ya Jeevanjee walikuwa mstari wa mbele kwenye harakati za kudai unga wa bei nafuu, wakati huu wakiwa na Ibara ya 43 ya Katiba mpya ya mwaka 2010, inayompa kila mtu haki ya kutolala njaa. Mwanasheria angeliita hilo dai la haki za kiuchumi na kijamii. Wao waliliita unga, na kila mpita njia akaelewa.

Lakini mfano wenye mafunzo mengi kuliko yote Afrika Mashariki ni wa zamani zaidi, na haukutokea mjini. Kamirithu, karibu na Limuru, ni kijiji kilichozaliwa na hali ya hatari ya miaka ya 1950, Waingereza walipowakusanya watu vijijini ili kuwatenga na wapiganaji wa Mau Mau. Miaka 20 baadaye wakazi wake walikuwa vibarua wa mashamba ya chai, wafanyakazi wa kiwanda cha viatu na wakulima wa vipande vidogo vya ardhi. Kituo chao cha elimu na utamaduni kilianza na kisomo cha watu wazima, kisha kikaomba mchezo wa kuigiza. Ngũgĩ wa Thiong'o na Ngũgĩ wa Mĩriĩ wakauandika kwa Kikuyu, kwa jina la *Ngaahika Ndeenda*, yaani Nitaolewa Nikipenda. Mhusika mkuu, Kĩgũũnda, ana ekari moja na nusu na hati ya kumiliki anayoienzi kama mboni ya jicho. Tajiri wa jirani na wabia wake wa kigeni wanakitaka kipande hicho kwa ajili ya kiwanda cha dawa ya wadudu, na kinachowapatia ni mkopo wa benki, uliochukuliwa na Kĩgũũnda kugharamia harusi ya kanisani. Mtaji wa kigeni, tabaka jipya la wenye mali, dini, deni, ardhi: somo zima la uchumi wa dunia baada ya uhuru limo ndani ya nyumba ya udongo yenye hati ukutani.

Kilichoufanya mchezo huo kuwa zaidi ya mchezo ni namna ulivyotengenezwa. Mazoezi yalifanywa hadharani, mwisho wa wiki, mbele ya yeyote aliyetaka kusimama na kutazama. Wazee walisahihisha Kikuyu cha wasomi wawili hao, wakasema mzee hasemi hivi na wimbo ule wa arusi hauimbwi namna hiyo. Wafanyakazi wa kiwandani walieleza jinsi kazi inavyofanyika hasa na mshahara unavyokatwa. Wanakijiji walijenga wenyewe ukumbi wa wazi wenye nafasi za watu wapatao 2,000. Siku ya kwanza ya maonyesho, Oktoba 1977, watazamaji wengi walikuwa wanaujua mchezo kwa sababu walikuwa wamesaidia kuuandika. Katikati ya Novemba serikali ikafuta kibali. Mwisho wa Desemba Ngũgĩ wa Thiong'o akatiwa kizuizini, akakaa humo takriban mwaka mzima bila kushtakiwa. Mwaka 1982 kikundi kilipojaribu mchezo mwingine kilinyimwa ruhusa, na ukumbi ukabomolewa. Inafaa kuuliza serikali ile ilichoogopa ni nini. Ngũgĩ alikuwa ameshachapisha riwaya kadhaa kwa Kiingereza, na mwaka huohuo wa 1977 ilitoka *Petals of Blood*, yenye lawama kalikali kwa wakubwa wa nchi. Ilizinduliwa hadharani na hakuna aliyekamatwa. Riwaya ya Kiingereza ililalamika mbele ya dunia. Mchezo wa Kikuyu uliwaeleza watu 2,000 wa Limuru uhusiano kati ya ekari moja na nusu na benki.

Dar es Salaam ya wakati huo ilikuwa na utajiri wa mijadala ambao pengine hakuna mji mwingine wa Afrika uliokuwa nao, na bado ilikosea mahali pamoja. Makao ya Kamati ya Ukombozi ya Umoja wa Nchi Huru za Afrika yalikuwa hapa tangu 1963, chama cha ukombozi wa Msumbiji, FRELIMO, kilizaliwa hapa mwaka 1962, na pale Mlimani, chuo kikuuni, wanafunzi kutoka nchi mbalimbali waliunda mwaka 1967 umoja wa wanamapinduzi ulioongozwa na kijana wa Uganda aliyeitwa Yoweri Museveni. Walikuwa na madarasa ya itikadi kila Jumapili. Mwanahistoria Walter Rodney alifundisha hapo, na wanaharakati C.L.R. James na Stokely Carmichael walipita. Jarida lao, *Cheche*, lilipigwa marufuku mwaka 1970 pamoja na umoja wenyewe, mojawapo ya sababu ikiwa kwamba jina lilikopwa kutoka kwa gazeti la Lenin, kana kwamba ujamaa wa Tanzania ulikuwa unaletwa kutoka Urusi. Ila sehemu kubwa sana ya mjadala huo ilikwenda kwa Kiingereza, juu ya kilima, na mkazi wa Manzese hakuhitaji kupigwa marufuku ili asiusikie. Nadharia ilimfikia kwa njia nyingine: maneno ya Azimio la Arusha na redio. Mnyonyaji akaitwa kupe, na kila aliyewahi kuchunga ng'ombe akajua kupe hufanya nini na hukaa sehemu gani ya mwili. Uchumi wa kikoloni ukawa mirija, na mirija hukatwa. Unaweza kuulaumu ujamaa kwa mengi, na mimi sina nia ya kuutetea hapa, lakini haukuwahi kukosa maneno. Mjadala wa leo kuhusu mabadiliko ya tabianchi au akili mnemba bado haujampata kupe wake.

Msomaji mwenye shaka atasema yote haya ni soga. Watu wakae, waseme, wanywe kahawa, kisha nini? Maneno matupu hayavunji mfupa. Pingamizi hili lina nguvu kwa sababu mara nyingi ni kweli, na njia nzuri ya kulijibu ni kutazama mahali ambapo mfupa ulivunjika, tena mbali na kwetu. Mwanzoni mwa miaka ya 1990 mhadhiri wa siasa wa chuo kikuu cha Keele, Uingereza, Martin Dent, pamoja na mwanadiplomasia mstaafu William Peters, walianza kusukuma wazo la kufuta madeni ya nchi maskini ifikapo mwaka 2000. Waliliazima kutoka kwenye Biblia, kwenye mwaka wa Yubile ambapo madeni husamehewa na watumwa huachiwa. Wazo lilitembea kupitia kumbi za makanisa, vyama vya wanawake, matawi ya vyama vya wafanyakazi: watu 20 au 30 jioni ya baridi, chai na biskuti, na mtu mmoja akieleza jinsi riba inavyolipwa na nchi isiyoweza kununua chaki. Muumini aliyejifunza Yubile shule ya Jumapili hakuhitaji shahada ya uchumi. Tarehe 16 Mei 1998, wakuu wa mataifa 8 tajiri walipokutana Birmingham, watu wapatao 70,000 walishikana mikono kuuzunguka mji. Mwaka uliofuata, mkutanoni Cologne, mpango wa msamaha wa madeni ulipanuliwa. Tanzania ilifikia hatua ya mwisho ya mpango huo Novemba 2001, ada ya shule za msingi ikaondolewa katika kipindi hichohicho, na Januari 2002 madarasa yakafurika watoto kiasi cha walimu kushindwa kupata pa kusimama. Msamaha haukuwa sababu pekee, na madarasa yenye watoto zaidi ya 100 hayakuwa neema tupu. Lakini soga la ukumbi wa kanisa la Uingereza lina mchango wake katika hesabu ya mtoto wa Sumbawanga aliyeshika kalamu mwaka ule, na mzazi wake hakuwahi kujua.

Pingamizi ninaloliona zito zaidi ni jingine, na halitoki kwa wenye kebehi. Baraza ni la wanaume. Pita Jaws Corner saa kumi na moja jioni uhesabu wanawake waliokaa, utapata watalii. Hata mabenchi ya Jeevanjee kwa miaka mingi yamekuwa na sauti nzito kuliko nyembamba, kwa sababu anayeweza kukaa bustanini saa nane mchana ni yule ambaye hasubiriwi na sufuria. Ukiusifu mkusanyiko wa mtaani bila kulisema hili, unausifu kwa nusu ya mtaa. Hapa kuna kisa cha Kitanzania kinachofaa kutazamwa kwa karibu. Mkutano wa Nne wa Dunia wa Wanawake, Beijing, Septemba 1995, uliongozwa na mzaliwa wa Ukerewe, Gertrude Mongella, akiwa Katibu Mkuu wake, na jina la Mama Beijing likamganda. Kwa muda Beijing ilitumika mitaani kama utani: mke akidai nauli anaambiwa asilete Beijing ndani. Utani huo unaonyesha jinsi jambo la dunia linavyopokelewa linapoteremka likiwa jina tu. Mtandao wa Jinsia Tanzania, TGNP, ulioundwa mwaka 1993, ulichukua njia ndefu zaidi. Tangu 1996 umefanya Tamasha la Jinsia, na katika viwanja vyake vya Mabibo umekuwa na semina za Jumatano zinazofunguliwa kwa yeyote anayefika, kwa Kiswahili, mama lishe na mhadhiri wakikaa kiti kwa kiti.

Somo lililoshika zaidi ni bajeti, na mlango wake ulikuwa ndoo. Mwanamke anaamka saa ngapi kwenda kisimani, anasubiri foleni muda gani, anarudi saa ngapi. Zidisha kwa siku za mwaka. Kisha fungua kitabu cha bajeti, fungu la maji, uone kilichotengwa na kilichotolewa. Kutoka hapo mazungumzo huvuka bahari bila kusukumwa. Mwaka 2003 huduma ya maji ya Dar es Salaam ilikabidhiwa kwa kampuni binafsi yenye wabia wa kigeni, na ubinafsishaji huo ulikuwa miongoni mwa masharti ya wakopeshaji, yakiwemo ya msamaha uleule wa madeni. Mwaka 2005 serikali iliuvunja mkataba. Msamaha uliojaza madarasa, basi, ulikuja na sharti lililofika hadi kwenye bomba la mtaa, na aliyekuwa akihesabu ndoo zake alikuwa na nafasi nzuri ya kuziona pande zote mbili za sarafu hiyo kuliko msomaji wa taarifa za wizara. Sheria ya makosa ya kujamiiana ya mwaka 1998 na sheria za ardhi za mwaka 1999, zilizompa mwanamke haki sawa ya kumiliki ardhi, zilisukumwa na vyama vya wanawake vilivyokuwa vimejifunza kubishana kwa namna hii. Sheria ya karatasi na ardhi ya ukoo ni mambo mawili, kila mtu anajua. Ila kikao cha vicoba au cha chama cha akiba, ambako wanawake hukutana kila wiki kwa sababu kuna fedha mezani, ni baraza ambalo waandaaji wa mijadala bado hawajalitumia ipasavyo.

Fedha mezani zinaleta jambo la posho. Wapo wanaosema mijadala hii ni miradi ya wafadhili, na kwamba anayelipia ukumbi ndiye anayechagua mada. Nani hajaona warsha ya hotelini yenye maji ya chupa, kalamu yenye nembo, karatasi ya mahudhurio inayozunguka kwa haraka kuliko hoja, na washiriki ambao macho yao yako kwenye bahasha ya nauli? Haki za binadamu, mazingira, uraia, amani: mada hubadilika kadiri dirisha la ufadhili linavyofunguliwa, na washiriki hubaki walewale. Sidhani dawa ni kukataa fedha za nje. Kamirithu ingekuwa na paa zuri kama ingepata msaada. Kipimo changu ni chepesi. Bahasha ikikosekana wiki ijayo, watu watakuja? Jeevanjee walikuja. Kwenye kahawa huja, tena wakitoa hela yao mfukoni.

Hofu ya uchochezi ni ya zamani na hurudi kila kizazi. Hoja ni kwamba ukimweleza kibarua uhusiano wa mfuko wake na Shirika la Fedha la Kimataifa, unamchokoza. Kenya ya mwaka 2024 inaonyesha mambo yakienda kinyume na hoja hiyo. Muswada wa Fedha wa mwaka ule ulipendekeza, pamoja na mengine, kodi ya asilimia 16 kwenye mkate na asilimia 2.5 ya thamani ya gari kila mwaka. Vijana waliuchambua muswada kifungu kwa kifungu, wakautafsiri kwa Kiswahili na lugha nyingine za Kenya, wakaueleza kwa video fupi na kwa mijadala ya usiku kwenye simu, na deni la nchi likawa gumzo la matatu na saluni. Mkate na kodi ya magari vikaondolewa tarehe 18 Juni. Mengine yakapitishwa, Bunge likavamiwa tarehe 25, watu wakapigwa risasi, na siku iliyofuata Rais akatangaza kutotia saini. Kilichowaua vijana wale hakikuwa mjadala. Katiba ya Kenya inalitaka Bunge lishirikishe wananchi katika shughuli zake, na ile ya Tanzania, katika Ibara ya 18, inampa kila mtu haki ya kupewa taarifa kuhusu matukio muhimu kwa maisha ya wananchi. Watu walikuwa wamesoma, wamesema, na hawakusikilizwa.

Kuhusu uongo, kwamba barazani kila mtu ni mtaalamu na uvumi huvaa kanzu ya habari, nakubali bila ubishi. Baraza limewahi kusambaza uzushi, na limewahi kulisha chuki za kikabila na za vyama. Tofauti yake na kundi la WhatsApp ni kwamba mzushi wa baraza atakuwepo kesho palepale, ameshika kikombe kilekile, na wenzake hawajasahau alichosema jana. Atachekwa. Huenda akapewa jina litakalomfuata hadi kaburini. Ujumbe uliosambazwa mara nyingi hauna wa kuchekwa.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko mapingamizi yote ni mahali pa kukaa. Bustani ya Jeevanjee ilitolewa kwa watu wa Nairobi mwaka 1906 na A. M. Jeevanjee, mfanyabiashara mzaliwa wa Karachi, ikawekewa sanamu ya Malkia Victoria ndani yake. Mwaka 1991 ulitokea mpango wa kujenga hapo jengo la maegesho ya magari. Mjukuu wake, Zarina Patel, aliongoza kampeni ya kuupinga, wakazi wakamuunga mkono, mpango ukafa. Kama ungefaulu, Bunge la Mwananchi lingekutana wapi, kwenye ghorofa ya tatu kati ya magari? Nyumba za Kiswahili za Kariakoo na Ilala zilijengwa na baraza mbele, hatua moja ya sementi kando ya mlango, pana kiasi cha watu wanne na dele. Fundi anayejenga leo Kibamba au Kigamboni hupewa ramani yenye ukuta, geti na nyaya za umeme juu yake, na kibaraza kimehamia ndani ya ua, ambako mpita njia hawezi kusalimia wala kupinga. Wakati mwingine mwenye nyumba akiombwa huongeza benchi nje ya ukuta, chini ya mwarobaini. Ni kazi ya siku mbili na mifuko michache ya saruji.